Jinsi ya kulitofautisha tabasamu la moyoni na la mdomoni

Anayetaka kujua kama tabasamu ni la dhati kwa kawaida huanza kwa kutazama meno, na huko ndiko kubaya kuliko kote kuanzia. Mdomo ndio sehemu ya uso tunayoitawala vizuri zaidi. Tunaulia, tunausemea, tunapulizia moto, na tangu utotoni tumefunzwa kuupanga pale mgeni anapobisha hodi. Pembe zake hupanda kwa amri tu, bila moyo kuhusika. Ndiyo maana mtu anayejichekesha kwa bosi wake anaweza kukenua meno yote na bado ukahisi kuna jambo halijakaa sawa, usiweze kusema ni lipi.

Jambo hilo mara nyingi liko katika moja ya sehemu tatu: pembe za macho, mwendo wa tabasamu lenyewe (linavyoanza, linavyokaa na linavyoondoka), na kisa kilicholileta. Maelezo mengi ya mitandaoni hushikilia macho peke yake. Macho yana uzito wake na tutayachambua, lakini kwa anayesoma watu walio hai, si picha, mwendo ndio wa kuaminiwa zaidi.

Misuli miwili

Tabasamu la furaha hufanywa hasa na misuli miwili. Wa kwanza ni zigomatiki kuu, unaotoka kwenye mfupa wa shavu na kushuka mshazari hadi pembe ya mdomo. Ukijikaza, pembe ile huvutwa juu na nyuma. Wa pili ni obikulari, msuli wa duara unaolizunguka jicho. Huu una sehemu mbili. Ya ndani iko kwenye kope zenyewe, na kila mtu huikaza akitaka kufumba au kufinya macho. Ya nje hupita chini ya nyusi, pembeni mwa jicho na juu ya shavu, na ndiyo inayotuhusu.

Aliyezitenganisha kazi za misuli hii ni daktari wa neva Mfaransa, Guillaume Duchenne. Alipitisha umeme kwenye nyuso za watu na kuwapiga picha, hasa mzee mmoja asiye na meno ambaye uso wake ulikuwa umepoteza hisia, kwa hiyo hakusikia maumivu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1862 alionyesha kuwa umeme wa shavuni peke yake hutoa mdomo unaocheka chini ya macho yasiyoshiriki, na akashikilia kwamba msuli wa jicho hauitikii matakwa ya mtu kama unavyoitikia ule wa mdomo. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Zaidi ya karne moja baadaye, Wamarekani Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa FACS, mfumo wa kuandika kila mwondoko wa uso kwa namba. Toleo la kwanza ni la mwaka 1978. Humo, kupanda kwa shavu pamoja na kubana kwa pembe ya jicho ni namba 6, na kuvutwa kwa pembe ya mdomo ni namba 12. Zikija pamoja, wataalamu huliita tabasamu la Duchenne.

Tabasamu la kujilazimisha na lile linalokuja lenyewe hazianzii mahali pamoja katika ubongo, ingawa zote hufika usoni kupitia neva ileile ya saba ya kichwa. Madaktari huliona hili kwa wagonjwa. Mtu aliyeumia sehemu ya ubongo inayotoa amri za makusudi, akiambiwa atabasamu, upande mmoja wa mdomo hubaki chini. Akisikia mzaha mzuri, pande zote mbili hupanda sawasawa. Wapo pia wenye hali ya kinyume: wanatabasamu vizuri kwa amri, lakini furaha ikija yenyewe upande mmoja hauitikii.

Anza na uso uliotulia

Kosa linaloharibu usomaji kuliko yote ni kulisoma tabasamu kabla hujaujua uso. Fundi wa miaka 60 aliyefanya kazi juani maisha yake yote ana mikunjo kwenye pembe za macho hata akiwa amekasirika. Msichana wa miaka 18 huenda asionyeshe mkunjo hata mmoja siku matokeo yake ya mtihani yametoka vizuri. Unachotafuta ni badiliko la uso huo kutoka hali yake ya kawaida. Mikunjo yenyewe haitoshi.

Kwa hiyo tumia dakika moja au mbili za mazungumzo yasiyo na uzito. Uliza mambo ambayo hayamfurahishi wala kumuudhi mtu: alikuja kwa njia gani, foleni ilikuwaje, mvua imenyesha upande wao? Katika muda huo angalia mikunjo iliyopo tayari machoni, usawa wa pembe za mdomo (kwa wengi upande mmoja uko juu kidogo), unene wa mashavu, na kama ni mtu wa kutabasamu hovyo au wa nadra. Mtu mwenye bashasha ya kila saa na mtu mkimya hawapimwi kwa kipimo kimoja.

Mwanga nao ni sehemu ya kazi. Taa iliyo juu ya kichwa hutia kivuli kwenye macho na kuficha kile hasa unachotaka kukiona. Mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni hukuza kila mkunjo. Kwenye ngozi nyeusi hili lina faida ya ziada, kwa sababu mikunjo midogo huonekana kwa mng'ao na kivuli chake kuliko kwa rangi. Kaa umbali wa mita moja hadi mbili, ukimwelekea mtu. Ukimtazama kutoka pembeni huwezi kusema lolote la maana kuhusu usawa wa pande mbili za uso.

Jicho

Shavu likipanda kwa furaha, mambo manne hutokea kuzunguka jicho, na ni vizuri kujizoeza kuyaona moja moja. Kope ya chini hujaa na kusogea juu kidogo. Nafasi kati ya shavu na jicho hupungua, na kifuko kidogo hujitokeza chini ya jicho. Mikunjo hutawanyika kutoka pembe ya nje. La nne husahauliwa na wengi: ngozi iliyo kati ya unyusi na kope ya juu hushuka kidogo, na mkia wa unyusi hushuka nayo.

Hili la nne ndilo linalotatua tatizo kubwa la usomaji wa macho. Zigomatiki ikivutwa kwa nguvu nyingi, shavu hupanda lenyewe na kusukuma kila kitu kilicho juu yake. Mtu anayekenua kwa nguvu mbele ya kamera atapata kifuko chini ya jicho, jicho litakuwa jembamba, na hata mikunjo ya pembeni itatokea, yote bila msuli wa jicho kufanya kazi. Lakini shavu haliwezi kuivuta ngozi ya chini ya unyusi ishuke. Hiyo hushushwa na obikulari yenyewe. Kanuni basi ni hii: tabasamu likiwa dogo au la wastani, tazama kope ya chini na pembe ya jicho, likiwa kubwa, ziache hizo na utazame juu, kati ya kope na unyusi.

Jaribu mbele ya kioo, ukiwa karibu na dirisha. Vuta pembe za mdomo juu kadiri uwezavyo huku hufikirii chochote. Mashavu yatapanda, lakini ngozi iliyo chini ya nyusi itabaki mahali pake, na macho yatakuwa na ubaridi fulani. Sasa jikumbushe jambo lililokuchekesha mahali pasipostahili, msikitini, kanisani au kwenye kikao, ukalazimika kujizuia. Tazama ngozi ileile. Rudia ukiwa umeziba uso kwa karatasi kuanzia puani kwenda chini, mpaka uweze kutofautisha hali hizo mbili kwa macho peke yake.

Usichanganye kubana kwa furaha na kufinya macho kwa sababu ya jua, moshi wa jikoni au kutoona vizuri bila miwani. Anayefinya macho mara nyingi hukunja ndita: nyusi hukaribiana katikati na kushuka, na kope zote mbili hukazana. Katika furaha, katikati ya nyusi hubaki laini. Ukiona ndita juu ya mdomo unaotabasamu, kuna jambo lingine linaendelea, iwe jua, iwe mawazo, iwe hasira.

Na usilifanye jicho hakimu. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ni watu wachache tu wanaoweza kuukaza msuli huo wa nje kwa makusudi. Eva Krumhuber na Antony Manstead walilichunguza hilo katika utafiti wa mwaka 2009 na kukuta kwamba watu walioombwa tu watabasamu waliweza kutoa alama ya macho bila furaha yoyote. Mwigizaji, mtangazaji wa runinga na mwanasiasa mzoefu wanaiweza kabisa. Kwa upande wa pili, tabasamu dogo la kweli, kama la mtu anayekumbuka jambo jema peke yake dirishani mwa daladala, huenda lisifike machoni hata kidogo. Macho yasiyoshiriki katika kicheko kikubwa yana maana. Macho yaliyobana hayathibitishi kitu mpaka uone mwendo.

Mwendo

Ligawe kila tabasamu katika vipande vitatu: kupanda, kukaa, kushuka. La kweli hupanda kwa mtiririko, bila kukwama njiani. Lile la kupangwa mara nyingi huruka: sekunde hii uso mtupu, sekunde ileile meno yote nje, na kimo chake hupita kile ambacho jambo lenyewe lilistahili.

Kukaa nako kuna kipimo. Ekman na Friesen, katika makala yao ya mwaka 1982, waliweka muda wa tabasamu la furaha kuwa takriban kati ya theluthi mbili za sekunde na sekunde nne. Linaloendelea kwa sekunde saba au kumi katika kimo kilekile, bila kicheko kipya kulihuisha, ni la adabu au la kamera. Lakini angalia vizuri neno hilo, kimo kilekile. Furaha ndefu huja kwa mawimbi: uso hupanda, hushuka kidogo, hupanda tena kwa kila jambo jipya. Mawimbi hayo ni dalili nzuri, wala si kusitasita.

Hapa ndipo picha za harusi zinapoharibika. Mpiga picha anawapanga watu, anarekebisha shela, anahesabu moja, mbili, na kufikia tatu tabasamu limekwisha kufa sekunde tano zilizopita. Lililobaki ni mashavu yanayouma. Wapiga picha wanaojua kazi hubonyeza mara ya pili sekunde moja au mbili baada ya kusema "tayari", watu wanapolegea na kuchekana wao kwa wao. Picha hiyo ndiyo hununuliwa.

Kushuka ndiko kunakosema mengi zaidi, na ndiko kusikotazamwa, kwa sababu wakati huo sisi wenyewe tumekwisha geuka. Furaha haizimwi ghafla. Pembe za mdomo huanza kurudi, mashavu hufuata, na machoni hubaki mabaki kwa muda mfupi baada ya mdomo kufunga. La kujilazimisha hukatika mara tu kazi yake ikiisha: mteja ameaga, mlango umefungwa, kamera imeshushwa. Ukitaka kujizoeza, tazama watu wengine wakiagana badala ya kutazama anayekuaga wewe. Mapokezi ya hoteli, kaunta ya benki na mlango wa ukumbi wakati wa sherehe ni mahali pazuri. Mtazame anayebaki, si anayeondoka, na umhesabie sekunde moja tu baada ya mgeni kugeuza kichwa.

Kuna pia kupatana kwa sehemu. Mdomo na macho vinapaswa kufika kileleni karibu pamoja. Mdomo ukitangulia na macho yakafuata baadaye kana kwamba yamekumbushwa, lipunguzie imani. Vivyo hivyo na maneno: katika "nimefurahi sana kukuona", uso wa kweli mara nyingi hutangulia sentensi au huenda nayo. Tabasamu linalobandikwa baada ya nukta ya mwisho limetengenezwa.

Mdomo nao husema, ila si kwa meno

Tukirudi mdomoni, cha kutafuta ni misuli inayopingana na tabasamu. Midomo iliyobanwa wakati pembe zinapanda ni ya mtu anayezuia kitu, neno au hasira. Pembe zinazotaka kushuka huku zikivutwa juu huleta lile tabasamu la kwenye msiba, la mtu anayesema "tumshukuru Mungu" huku moyo umejaa. Mdomo wa juu ukiinuka na pua ikakunjika kidogo, kuna karaha. Pembe moja tu ikikazwa na kuingizwa ndani, hiyo ni dharau. Dharau hiyo ni ya dhati kabisa, na wanaouliza "tabasamu hili ni la kweli?" mara nyingi huisahau. Uso unaweza kukwambia ukweli usioupenda.

Aibu ina umbo lake: macho hushuka, midomo hubanwa, kichwa hugeuka pembeni na kuinama, wakati mwingine mkono huja usoni. Bwana mdogo anayesifiwa mbele ya wazee atafanya yote hayo. Si unafiki, wala si furaha tupu. Ni aibu, na inapaswa kuhesabiwa peke yake.

Kuhusu ulinganifu wa pande mbili, usiutumie mwanzoni. Ni kweli kwamba tabasamu la makusudi huelekea kupinda zaidi, lakini tofauti ni ndogo, na nyuso nyingi zimepinda kiasi tangu kuzaliwa. Utumie kuunga mkono jambo uliloliona tayari.

Kisa kilicholileta

Mwaka 1979 watafiti Robert Kraut na Robert Johnston walichapisha uchunguzi wa wacheza bolingi, mchezo wa kuviringisha mpira ili kuangusha pini, nchini Marekani. Wachezaji waliangusha pini vizuri na hawakutabasamu sana wakiwa bado wanazitazama. Walipogeuka kuwaelekea wenzao ndipo nyuso zilipokunjuka. Somo lake kwa msomaji wa nyuso ni kubwa: tabasamu ni salamu kwa watu kabla ya kuwa dirisha la moyo. Kuwa na mtazamaji hakulifanyi kuwa la uongo.

Kwa hiyo badala ya hukumu mbili, la kweli na la uongo, weka tatu. Liko la furaha. Liko la adabu: la muuza duka, la muuguzi aliye zamu ya usiku, la mshereheshaji, la mkwe mtarajiwa siku ya posa. Hilo halidanganyi mtu, linasema tu "nakuheshimu, tuendelee vizuri". Na liko la kufunika, ambalo limewekwa juu ya hisia nyingine ili isionekane. La pili na la tatu hufanana machoni; tofauti yake huonekana kwenye ile misuli pinzani ya mdomo na nyusi, na katika swali rahisi: je, kuna sababu ya kuficha kitu hapa?

Mafunzo mazuri ya bure yako katika video za judo za Olimpiki. Katika judo, mwenye medali ya fedha amepata medali hiyo kwa kushindwa fainali, na mwenye shaba amemaliza kwa kushinda. David Matsumoto na Bob Willingham walichambua nyuso za wanajudo wa Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004. Pambano lilipoisha, washindi wa dhahabu na wa shaba walitabasamu kwa wingi, na hakuna hata mmoja wa fedha aliyetabasamu. Jukwaani, baadaye, wenye fedha nao walitabasamu, lakini kwa namna iliyochanganyika na huzuni au iliyodhibitiwa. Watafiti haohao walipoangalia wanajudo vipofu wa Paralimpiki ya mwaka huohuo, wakiwemo waliozaliwa bila kuona, walikuta mpangilio unaofanana sana. Hilo linaonyesha kuwa si jambo la kujifunza kwa kutazama wengine. Zima sauti, tazama mwisho wa pambano, kisha uruke hadi jukwaani, ulinganishe uso mmoja na mwenyewe.

Zoezi la simu

Kamera ya kawaida ya simu hurekodi picha 30 kwa sekunde, na hiyo inatosha. Mketishe rafiki aliyekubali kurekodiwa karibu na dirisha, uso ukijaza angalau nusu ya urefu wa kioo cha simu. Mwombe atabasamu kwa makusudi mara kadhaa, akirudi kwenye uso mtulivu kila mara. Kisha mwonyeshe vichekesho anavyovipenda huku kamera ikiendelea, bila kumwambia lini unarekodi kwa ajili ya hesabu. Kata vipande vya sekunde nane hivi, uhakikishe kila kimoja kinaanza kabla ya tabasamu na kuisha baada yake. Kipande kilichokatwa mwishoni kimepoteza nusu ya ushahidi.

Vichanganye, zima sauti, hukumu kila kimoja na uandike sababu kabla ya kuangalia jibu. Sababu ina maana kuliko jibu, kwani ukipatia kwa sababu mbovu hujajifunza kitu. Kisha cheza picha kwa picha: picha 20 ni theluthi mbili za sekunde, picha 120 ni sekunde nne. Hesabu ni ngapi kutoka mwondoko wa kwanza hadi kilele, na ni ngapi kutoka kilele hadi uso kutulia.

Usijisifu mapema. Kwa vipande 10, nusu vikiwa vya makusudi na nusu vya kweli, anayekisia kwa kufumba macho hupata 5 kwa wastani, na mara nyingi 6 au 7. Kusanya vipande 40 vya watu tofauti. Ukipatia 27 au zaidi, hapo si bahati tena. Ukikwama, zoea kwanza watu wawili au watatu unaowajua vizuri, maana kujua uso uliotulia ni nusu ya kazi.

Yanayopotosha

Meno. Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi nyingi, na waliokulia huko mara nyingi wana meno ya hudhurungi. Wengi wao hutabasamu midomo ikiwa imefungwa, au huziba mdomo kwa kiganja. Ukisoma "midomo iliyobanwa" hapo, umekosea mtu. Vivyo hivyo kwa mwenye pengo au anayetengenezwa meno. Kwa hao, tegemea macho na mwendo.

Niqabu na barakoa haziharibu usomaji kiasi watu wanavyodhani. Kope ya chini, pembe ya jicho na ngozi ya chini ya unyusi vyote vinaonekana, na shavu likipanda hukiinua kitambaa. Ila tabasamu dogo hupotea kabisa, na misuli pinzani ya mdomo huioni. Kwenye simu ya sauti, sauti ya mtu anayetabasamu hubadilika kweli na msikilizaji anaweza kuisikia, lakini kinachoibadilisha ni umbo la mdomo. Kwa hiyo mhudumu aliyefunzwa kutabasamu akipokea simu atasikika sawa na mwenye furaha.

Heshima. Kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee wake hafichi kitu. Anayetafuta "kukwepa macho" kama dalili ya uongo katika jamii zetu atawahukumu wenye adabu wote.

Sindano za kulainisha ngozi hulegeza msuli wa pembeni mwa jicho, na mikunjo haiji hata kwa furaha ya kweli. Programu za kurembesha picha hufanya hivyo kwa sekunde moja. Picha ya wasifu iliyopitishwa huko haisomeki kabisa. Simu za video zenye mtandao dhaifu hukatakata mwendo, kwa hiyo tabasamu lililopanda taratibu huonekana kama limeruka. Ugonjwa wa Parkinson hupunguza miondoko yote ya uso, na mgonjwa mwenye furaha huonekana baridi.

Na moja la dharura: tabasamu lililopinda ghafla, upande mmoja wa mdomo ukining'inia kwa mtu ambaye jana alikuwa sawa, huenda likawa dalili ya kiharusi. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukishuka au maneno yakikorogeka, mpeleke hospitali saa ileile na ukumbuke muda dalili zilipoanza, kwa sababu daktari atauliza.

Ukishaliona, ufanye nini

Hakuna uso unaothibitisha uongo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi kuhusu watu wanaojaribu kutambua waongo na kukuta wastani wa kupatia ni asilimia 54, karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo alama za tabasamu zisiingie kwenye karatasi ya usaili wa kazi, wala kwenye kesi ya ofisini, wala kwenye ugomvi wa ndoa. Zinafaa kwa kazi moja tu: kukwambia wakati wa kuuliza.

Na ukiuliza, usitaje uso. "Mbona unacheka kwa kujilazimisha?" humfanya mtu ajifunge, na kuanzia hapo utasoma aibu tu. Uliza kuhusu jambo lenyewe na umpe nafasi ya kusema hapana bila kuvunja heshima. Mteja ameshika kitenge, midomo imebanwa huku pembe zinapanda, anasema kitakuwa kizuri, atarudi. Muuzaji anayeliona hilo hasemi "karibu tena" haraka. Anasema, "Dada, ni rangi au ni bei?" Kisha ananyamaza, anatazama nyusi na pembe za mdomo katika ile sekunde ya kwanza kabla jibu halijaanza, na anaendelea na lile ambalo uso umelijibu.